Kabla Hujafika Kwao, Lijue Jina la Kwao

*Kanga za mama mkwe umeshanunua. Sukari ya bibi imo kwenye begi. Lakini je, kijiji anachotoka mwenzi wako unaweza kukitaja mbele ya wazee wake? Nimepanda hadi Masieda, wilayani Mbulu, na wachumba wawili waliolichukulia swali hilo kwa uzito.*

Hebu tuseme ukweli. Safari ya ukweni ina maandalizi kuliko safari ya Ulaya. Unanunua doti mbili za kanga, unafunga sukari na majani ya chai, unaulizia kama wazee wa kule wanapenda ugoro, unashona gauni refu lisilobana. Shangazi anakufundisha namna ya kupiga goti. Siku ikifika, begi limejaa. Kitu kimoja tu mara nyingi hakimo: jina la mahali unapokwenda, lililokaa vizuri mdomoni.

Utamkuta mtu yuko na mchumba wake mwaka wa tatu sasa, bado anasema "huko kwao Manyara". Manyara ipi, jamani? Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2002 ulipomegwa kutoka Arusha, na ndani yake mna Babati, Hanang, Mbulu, Simanjiro na Kiteto. Ukimbana, anakwambia, "Majina ya kule magumu, yananishinda."

Kushindwa si dhambi. Kutojaribu ndiko kunakouma, hasa kwa yule ambaye jina hilo ndilo la kwao.

Hata watangazaji wakubwa walikwama

Kwanza tujipe moyo, maana hatuko peke yetu. Aprili 2010 volkano moja nchini Iceland ilirusha majivu mengi kiasi kwamba anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa kwa siku kadhaa. Abiria walilala viwanja vya ndege, na jirani zetu wa Kenya waliona maua yao yakinyauka kwa kukosa ndege za kuyapeleka sokoni. Volkano yenyewe inaitwa Eyjafjallajökull. Watangazaji wengi walipoliona jina hilo kwenye karatasi waliamua kusema tu "ile volkano ya Iceland".

Lakini ukilikata vipande, linakuwa rafiki. Ni maneno matatu yaliyounganishwa: visiwa, milima na barafu ya mlimani. Mtego uko kwenye zile *ll*. Waiceland hawazisemi kama "l" yetu. Wanaanza na "t", kisha wanaiachia hewa ipite pembeni mwa ulimi, kitu kama "tl".

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Sauti iliyowatoa jasho watangazaji wa dunia, mtoto wa Mbulu anakua na ndugu yake wa karibu kabisa. Kiiraqw, lugha ya watu ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu, kina *tl* yake, tena yenye nguvu zaidi. Kumbe si lazima upande ndege kwenda Reykjavik ili ulimi wako usafiri. Panda gari la Babati.

Bibi harusi wa Muheza, jina la Mbulu

Wachumba niliosafiri nao wanaishi Dar es Salaam. Yeye ni binti wa Muheza, mkoani Tanga, mhasibu. Mwanaume ni Mwiraqw, kwao ni Masieda, anafanya kazi benki. Walikuwa wanakwenda kumwonyesha binti kwa wazee, hasa kwa bibi mzaa baba, ambaye Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema.

Kilichomsukuma binti kujifunza ni karatasi. Jina la ukoo la mchumba wake linaanza na *tl*. Alipokuwa mdogo, karani wa ofisi moja alilisikia, akalitilia irabu katikati, akaandika anavyojua yeye. Basi cheti cha kuzaliwa kikawa na jina moja, vyeti vya shule jingine. Ukubwani ilibidi aende kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Alipoanza kazi akachoka kueleza. Kwenye kadi zake za kazi akaliacha jina la ukoo, akatumia la ubatizo na la baba tu.

"Sasa mimi naolewa," binti aliniambia tukiwa njiani, "halafu nilibebe jina ambalo mwenyewe amelificha na mimi siwezi kulitamka? Wanangu wakiniuliza kwao wapi, niwajibu nini?"

Shemeji alikuwa anaendesha. Hakusema kitu mpaka tulipofika Babati.

Ulimi unaopenda kumalizia na irabu

Kutoka Babati tulikamata njia ya Dareda, mji ulio chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo barabara inaanza kupanda. Unapanda, masikio yanaziba, unafika Bashnet, na baridi inakupokea kama mwenye nyumba. Ukiendelea unaikuta Dongobesh. Kando ya njia wanauza vitunguu saumu, maana Mbulu kwa kitunguu saumu ina jina lake.

Somo la kwanza tulilipata kwenye vibao vya barabarani. Kiswahili chetu kinapenda neno liishie na irabu. Ndiyo maana tunasema kabati, benki, shati. Tukikutana na jina linaloishia na konsonanti, ulimi unatafuta pa kupumzikia: Dongobesh inakuwa "Dongobeshi", Katesh inakuwa "Kateshi", Haydom inakuwa "Haidomu", Bashnet inakuwa "Bashneti". Jizuie. Funga neno pale linapofungwa. Na Hanang, mlima wenye mita zaidi ya 3,400, imalizie kwa ile sauti ya *ng'* ya ng'ombe, siyo "Hanangi".

Hili peke yake linatibu nusu ya ugonjwa. Wala lisikutie aibu, maana sisi wenyewe huwacheka wageni wanaosema "Nigorongoro" na wanaoitafuna Mwanza ikawa "Muwanza". Ulimi wa kila mtu una mazoea ya nyumbani kwao.

Sauti ambazo shule haikutufundisha

Nusu ya pili ndiyo yenye utamu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ya ukoo mmoja na Kisomali na Kioromo, na kina sauti ambazo Kiswahili hakina. Nimeziandika hapa kama tulivyofundishwa garini, na mwalimu akiwa shemeji mwenyewe.

*Sl.* Weka ulimi kama unayetaka kusema "lala". Usiuondoe hapo. Sasa puliza hewa ipite pembeni kuelekea magegoni, bila kutoa sauti kooni. Kama umewahi kumsikiliza mwimbaji wa injili wa Afrika Kusini, Hlengiwe Mhlaba, ile *hl* ya jina lake ndiyo hiyohiyo. Sisi tunamtaja Dk. Wilbrod Slaa, aliyegombea urais mwaka 2010, kama "Sila" au "Slaa" ya Kiswahili, lakini kwa wenyewe jina hilo linaanza na hewa ya pembeni. Ng'ombe kwa Kiiraqw ni *slee*. Na hili wapenzi mlishike: neno la kupenda ni *slaa'*, na mwisho wake pumzi inakatwa ghafla. Ukiutaka moyo wa Mwiraqw, pitia pembeni mwa ulimi.

*Tl.* Anza na "t", bana pumzi kooni, kisha iachie kwa kishindo kidogo pembeni mwa ulimi. Ukiisikia mara ya kwanza utadhani mtu amepasua kijiti kikavu. Iko kwenye Tlawi, jina la kata na la ziwa huko Mbulu. Iko pia kwenye *tluway*, yaani mvua, ambalo watu hupewa kama jina. Usiseme "Tilawi" wala "Kilawi".

*Q.* Ni "k" iliyorudi nyuma kabisa, karibu na kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Masqaroda ina sauti hiyo. Jina lenyewe Iraqw linayo pia, na mwisho wake unaviringisha midomo kama unayetaka kusema "w" halafu ukaghairi.

*X.* Hapa wasomi wa Kiingereza ndio wanaoanguka, kwa sababu wanasoma "ks". Kwa maandishi ya Kiiraqw, x ni "kh" ya kooni, ile ya "kheri" ikisemwa na mzee wa Pwani. Ndiyo sauti iliyomo kwenye jina la John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 huku mguu umefungwa bandeji. Ni x hiyo hiyo pia katika Luxmanda, kwenye nyanda hizohizo za juu, ambako wanaakiolojia walikuta makazi ya wafugaji wa kale. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vya mtu aliyeishi hapo takriban miaka 3,100 iliyopita. Mahali pa kale kiasi hicho, kupaita "Luksimanda" si haki.

*Hh* na mkwaju (/). Kama ulipita madrasa, hapa umeshashinda. *Hh*, ya majina kama Hhando, ni ile "h" nzito ya katikati ya Muhammad anapoitaja msomaji wa Kurani. Mkwaju ni *ain*, ile inayoanza jina la Ali kwa Kiarabu. Kitovu cha kale cha Wairaqw kinaitwa Irqwar Da/aw, yaani Iraqw ya mashariki, na huo mkwaju katikati si kosa la chapa. Ni herufi kamili.

Yule binti wa Muheza alipofika hapa akakaa vizuri kwenye kiti. Alisoma madrasa miaka sita. Akatamka *hh* na *ain* mara moja tu, safi. Shemeji akageuka kumtazama mpaka ikabidi nimkumbushe kuna kona mbele.

Barabara moja, lugha nyingi

Usidhani kila jina la kule ni la Kiiraqw. Pande hizi za Tanzania zinajulikana duniani kwa wanaisimu, kwa sababu makundi makubwa ya lugha za Afrika yanakutana mahali pamoja. Wairaqw ni Wakushi, Wadatoga (wakiwemo Wabarabaig wa Hanang) ni Waniloti, Wanyiramba na Wanyaturu wa upande wa Singida ni Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yao yenye vidoko, isiyofanana na nyingine.

Ndiyo maana ramani ya Hanang ina majina kama Gidahababieg, Getanuwas na Balangdalalu. Hiyo *Gida-* ni mwanzo wa majina mengi ya wanaume wa Kidatoga. Mkumbuke Gidamis Shahanga, aliyetuletea dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Kwa hiyo kabla ya kujaribu jina, uliza kwanza ni la lugha gani. Ukimsifu Mdatoga kwa Kiiraqw chako kizuri, utakuwa umemsifia jirani yake.

Na hata Mbulu yenyewe ni jina tulilolilainisha. Wairaqw huuita mji huo Imboru, na kata ya Imboru ipo mpaka leo. Masieda, nashukuru, kwa jinsi inavyoandikwa haimpi shida Mswahili: Ma-si-e-da. Baada ya mafunzo yote yale, tulifika mahali ambapo ulimi unateleza wenyewe.

Mbele ya bibi

Tulipokewa kwa maziwa na chai ya moto. Bibi alikuwa amejifunika shuka nzito, amekaa karibu na mlango ili apate jua. Binti akapiga goti, akamwamkia, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia marahaba, akaendelea kumtazama.

Kwa kawaida hapo ndipo wakwe wapya hunyamaza na kuangalia mikono yao. Binti hakunyamaza. Alimwambia bibi tulikopita: Dareda, Bashnet, Dongobesh. Aliyafunga yote bila irabu za ziada. Halafu akamuuliza kwa Kiswahili cha taratibu kama ni kweli alizaliwa Tlawi.

Ile *tl* ilitoka. Haikuwa ya mtu wa Mbulu, ilikuwa ya mtu wa Tanga aliyefanya mazoezi wiki mbili bafuni. Lakini ilitoka.

Bibi akaweka kikombe chini. Akamwambia mjukuu wake maneno marefu kwa Kiiraqw. Shemeji akacheka, kisha akajifuta macho.

"Anasema nini?" binti akauliza.

"Anasema, mbona wewe unakuita kwa jina lake, na mimi nikipiga simu nasema 'huko kijijini'?"

Kisha bibi akamgeukia binti. "Na kwenu, mjukuu wangu, wapi?"

"Muheza, bibi."

Bibi akalirudia. Mara ya kwanza "h" ikawa nzito, ya kwao. Akarudia tena, polepole, akitazama midomo ya binti kama mwanafunzi. Mara ya tatu binti akamwambia imekaa sawa. Bibi akaipigia makofi mwenyewe. Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi imefanyika, kwa sababu sasa kila upande ulikuwa umemkaribisha mwenzake mdomoni.

Jioni ile shemeji alimfundisha binti jina lao la ukoo, bibi akisahihisha. Suala la kadi za kazi waliliongea wenyewe, sikuuliza. Nilichosikia ni kwamba mtoto wa kwanza jina limeshapatikana, na litaandikwa kwa herufi zote, hata karani akikunja uso.

Ufanye nini wewe na mwenzi wako?

1. *Muulize yeye kwanza.* Sauti ya ramani ya kwenye simu husoma majina yetu kama ya Kiingereza. Mwalimu wako umelala naye au unachati naye kila siku.

2. *Rekodi.* Mwombe mama au bibi yake ataje kijiji, mto na mlima wa kwao, uhifadhi kwenye simu. Sauti ya mzee ni bora kuliko maelezo yangu yote haya.

3. *Likate vipande.* Hata Eyjafjallajökull lilikubali. Gidahababieg nalo litakubali: anza na kipande cha mwisho, kisha ongeza kuelekea mbele.

4. *Uliza maana, lakini usilazimishe.* Majina mengine ni ya kale na maana yake imepotea, au kila mzee ana hadithi yake. Sikiliza zote.

5. *Kitabu kipo.* Kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ilitoka mwaka 2002, imeandikwa na Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Na bila shaka umeona: Qorro ni jina lenye q.

6. *Usigeuze jina la ukweni kuwa kichekesho cha sherehe.* Ukikwama, cheka ulimi wako, usilicheke jina.

7. *Na wewe unayetoka huko, usijifiche.* Ukimwambia mwenzi wako "we niite tu kifupi", unamnyima mlango wa kuingilia kwenu. Mfundishe kwa subira, na akikosea mara ya kumi, mfundishe ya kumi na moja.

Jina ni anwani

Kama bado unaona haya ni mambo ya mapambo, kumbuka Desemba 3, 2023. Maporomoko ya matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku zile nchi nzima ilijifunza kwa ghafla majina ya Gendabi na Jorodom. Kwa mtu aliyekuwa Dar es Salaam au Mwanza akimtafuta mama yake, majina hayo hayakuwa magumu wala ya ajabu. Yalikuwa anwani ya nyumbani, na alitaka kuyasikia yakitajwa sawasawa ili ajue kama ni kwao au si kwao.

Mpenzi wako naye ana jina la namna hiyo. Huenda liko Hanang, huenda liko Ukerewe, Newala au Pemba, huenda lina *tl* au halina. Usingoje mchango wa harusi au msiba ndio ulisikie kwa mara ya kwanza. Leo usiku, kabla hamjazima taa, mwambie: "Hebu nitajie kwenu, taratibu." Halafu rudia nyuma yake, mpaka aseme imekaa sawa.